Tumbo la Nadine Kwenye Mizani

Wewe unayesoma, ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo.

Ulikuwa kwenye mstari wa uwanja wa ndege wa Kalemie, begi mkononi, ukamwona mwanamke mwenye mimba akipitishwa pembeni ya mizani. Mimba yake ikagonga kona ya meza, ikalia ko! kama sufuria. Mimba ya mwanamke hailii ko. Ulisikia vizuri. Ukageuza shingo, ukaangalia ziwani, kana kwamba kuna mtu alikuita kutoka kwenye maji.

Uliangalia ziwani kwa sababu na wewe ulikuwa umeficha ndakala, dagaa wa ziwa letu, ndani ya koti.

Mimi sisahau. Naikumbuka ndege ya kampuni ya Aile ya Luvua iliyoanguka majini mbele ya Zongwe. Nawakumbuka waliosema "ni upepo" hata maiti hazijakauka. Nawakumbuka waliokuja kilioni, wakala bukari, ugali wa msiba, wakaosha mikono, na kesho yake wakarudi kwenye mstari uleule na makoti yaleyale. Ndiyo maana naandika. Na nitaandika mpaka mnichukie.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia samaki bila kulisoma, nakukumbusha kwa kifupi.

Nadine ni binti wa marehemu Mama Fanny, mzaliwa wa Zongwe, fundi wa kushona nyavu. Mama Fanny alikufa katika ndege ile. Kisha maji ya ziwa yakapanda, yakala nyumba yao hapa Kalemie. Kisha mume wa Nadine akaenda Manono kutafuta mawe ya madini. Akapata mawe, akapata na mke mwingine. Nadine amebaki na mtu mmoja tu wa damu yake: Syntiche, mdogo wake, ambaye ana mimba ya kweli na moyo mbovu tangu utoto.

Dokta alisema wazi. Hapa Syntiche akipasuliwa, hataamka. Lubumbashi kuna madaktari wa moyo. Apelekwe kwa ndege, tena kabla uchungu haujamshika. Barabara itamuua njiani.

Nadine hana tikiti. Ana tumbo.

Tumbo hilo limekuwa kazi yake kwa Papa Aristote, shefu wa kampuni ya ndege pale uwanjani. Mawe meusi yanashuka kutoka milima ya upande wa Nyunzu, hayalipiwi ushuru, hayalipiwi kilo. Yanajazwa kwenye mkanda wa kitambaa, mkanda unafungwa tumboni mwa mwanamke, kikwembe kinafunika, anapanda ndege ya Lubumbashi.

Kwa nini tumboni? Kwa sababu kwetu mwanamke mwenye mimba hapandishwi kwenye mizani. Abiria wengine wote wanapimwa, mtu na begi yake, maana ndege ni ndogo na rubani anataka kujua anabeba nini. Lakini mimba, hapana. Bibi zetu walikataa. Walisema mtoto asijulikane uzito kabla hajajulikana jina. Basi mpimaji anamhesabu mama kama mwanamke wa kawaida, anamwambia pita mama, anapita.

Aristote aliiona heshima hiyo ya bibi zetu, akaijaza mawe.

Wiki iliyopita walipatana: Nadine abebe mara moja ya mwisho, mkanda mzito kuliko yote, na Syntiche apande bure. Tulimwacha Nadine mlangoni mwa depo, asubuhi ya safari.

Sasa aingie.

*

"Karibu, mujamuzito!" Mama Émérence alimpokea. Alikuwa ameshafungwa tumbo la kwake, amekaa juu ya gunia, anatafuna andazi. Yeye ndiye mkubwa wa wabebaji, amebeba mimba nyingi kuliko mwanamke yeyote wa mkoa huu, na hajazaa hata mara moja. "Leo utazaa mapacha. Nimeuona mukanda wako."

"Ni muzito sana?"

"Uliza kiuno chako kesho. Usiniulize miye."

Mwamba akaunyanyua mkanda kutoka sakafuni, akaguna. Huyu Mwamba ndiye anayefunga matumbo depo, na huyohuyo Mwamba ndiye anayesimama kwenye mizani. Hapo umeshaielewa kampuni.

"Geuka," alisema.

"Nyuma tena? Fungia mbele leo, Papa Mwamba. Mudogo wangu ni mugonjwa, nataka nikae vizuri nimushike."

"Fundo la mbele, wamama wanalifungua ndani ya ndege, wanachomoa jiwe moja-moja. Fundo la nyuma haliibi. Lubumbashi watalikata na kisu, utakuwa huru."

"Na nikitaka kujisaidia?"

"Utajisaidia Lubumbashi."

Émérence akacheka mpaka andazi likamtoka.

Nadine akageuka. Mkanda ukamzunguka, baridi, ukamvuta chini. Akaweka mikono mbele ausawazishe. Vidole vikapita juu ya mshono.

Vikasimama.

Haukuwa uzi wa cherehani. Ulikuwa uzi wa nyavu. Kila fundo limepigwa mara mbili, na mkia wa kila fundo umelazwa upande wa kushoto, maana mshonaji alikuwa wa mkono wa kushoto. Nadine alilala utoto wake wote chini ya nyavu zenye mafundo yale. Akainama kutazama kitambaa. Kilikuwa cha njano, kimepauka, kina ndege wadogo wa bluu. Kikwembe cha sikukuu ya wamama wa parokia.

"Papa Mwamba. Mukanda huu ulitoka wapi?"

"Depo."

"Mbele ya kufika depo."

"Mama Nadine, mi nafunga. Sisomi historia."

Nadine akamwangalia Émérence. Émérence alikuwa ameacha kutafuna.

"Unaujua mukanda huu, Mama Émérence."

"Acha maneno. Ndege iko inangoja."

"Unaujua!"

Émérence akafuta mdomo kwa kona ya kikwembe. "Bon. Ni wa mama yako. Aliushona mwenyewe. Ile ya kampuni ilikuwa inamukwaruza."

"Mama alikuwa mufundi wa nyavu."

"Mama alikuwa mubebaji sawa na sisi. Minerval yako ya masomo ilitoka wapi, we mutoto? Kwenye nyavu? Wavuvi wenyewe walikuwa wanamulipa samaki iliyooza."

"Aliniambia anaenda Lubumbashi kuuza ndakala."

"Na weye umemuambia mudogo wako unaenda kuuza nini?"

Mwamba akaendelea kuvuta kamba, goti lake limemkanyaga Nadine mgongoni, kama mtu anayefunga gunia la mihogo.

Kuna jambo Nadine hakulielewa tangu siku ya msiba, na watu walimkemea kila alipouliza. Ndege ile ilianguka karibu na ufuko. Ilielea kidogo kabla ya kuzama. Wanaume wa Kabalo ambao hawajawahi kuingia kwenye maji kupita magoti walitoka wazima, wameshika viti. Mama Fanny aliogelea kabla hajajua kutembea. Alizamaje mbele ya Zongwe, mbele ya kijiji alichozaliwa, wajomba wa Nadine wakiwa ndani ya mitumbwi? Wakamwambia: ni upepo. Wakamwambia: Mungu alimpenda.

"Alitoka ndani ya ndege," Émérence alisema, sauti chini. "Nilimuona. Miye siku ile nilikuwa na mukanda ya kampuni, kamba ilikuwa imeoza, ilikatika yenyewe. Mama yako ya kwake ilishonwa vizuri. Alikuwa mbele yangu. Aliogelea kidogo. Kisha alianza kupeleka mikono nyuma."

"Nyamaza, Mama Émérence," Mwamba alisema.

"Ameuliza! Mikono nyuma, mikono nyuma, vile. Fundo lilikuwa nyuma."

"Na wajomba zangu?"

"Walikuja kumutoa kesho yake. Mawe waliuza. Mukanda walirudisha kwa Papa Aristote, walipewa petroli ya motere ya mitumbwi."

Fundo la mwisho likakazwa. Mwamba akalipigapiga kwa kiganja kama anayemaliza kufunga mzigo. "Tayari."

Unauliza kwa nini Nadine hakupiga kelele palepale? Ungepiga wewe? Nje ya mlango, kwenye kivuli cha ukuta, Syntiche alikuwa amekaa juu ya begi, midomo imegeuka rangi ya majivu, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima wa Kirungu.

"Yaya," alimwita dada yake mkubwa. "Tunaenda kweli?"

"Tunaenda," Nadine alijibu.

Papa Aristote akatokea na shati lake jeupe, ananukia sabuni. Yeye hapandishi sauti hata siku moja. Akamtazama Nadine usoni, akaona machozi, akatabasamu.

"Unalia, Mama Nadine? Vizuri sana. Mwanamuke wa mimba analia-lia bure. Inaonekana ya kweli."

*

Kwenye mizani mambo yalikwenda kama kawaida yenu.

Shemasi mmoja, mwenye koti la baridi katika jua la Kalemie, alipanda kwenye mizani akaegemea ukuta kwa bega ili mshale usipande. Mwamba akamwona, akakohoa, shemasi akampa mkono wa salamu, salamu ikabaki mkononi mwa Mwamba. Mfanyabiashara wa kike alipimwa na begi moja. Mabegi mengine mawili yalipitia dirishani kwa shemeji yake. Kila mmoja alikuwa na kidogo. Kila mmoja alisema moyoni: changu ni kidogo, ndege haitajua.

Kisha matumbo manne ya Aristote yakapita pembeni, Nadine na Émérence kati yao.

"Pita mama. Pita mama. Pita mama." Mwamba aliimba kama katekista.

Syntiche akafuata, taratibu, mkono kwenye ukuta. Mwamba akamkonyeza Nadine. "Na hii mimba ni ya nani?"

"Hii ni ya Mungu," Nadine alisema.

Wakakaa nyuma kabisa ya ndege. Wabebaji hukaa nyuma, karibu na mlango, washuke haraka. Shemasi akaanza kusali kwa sauti, akiombea rubani, akiombea injini, akiombea safari. Hakuombea mizani.

Rubani hakupanda.

Alikuwa mgeni, Kapiteni Hénoc, ametumwa kushika nafasi ya yule mzoefu aliyekuwa anakunywa na Aristote. Walimwona kupitia dirisha, amechuchumaa mbele ya gurudumu la pua, anatazama juu, anatazama chini. Akasimama, akazunguka mpaka mkiani. Kisha akaja mlangoni.

"Shukeni wote."

"Kapiteni!" shemasi alilalamika. "Tumekwisha kusali!"

"Shukeni, Papa. Mutasali tena."

Chini, Aristote alikuja kwa hatua zake za taratibu. "Kuna nini, Kapiteni wangu?"

"Umepakia nini ndani ya ndege hii?"

"Watu na mizigo yao. Yote imepimwa."

"Pua imenyanyuka. Mukia unatafuta ardhi. Kwa kilo ulizonipa, ndege haiwezi kukaa hivi."

"Ni upepo wa ziwa."

"Upepo haukai mukiani, Papa Aristote. Mi napiga hesabu ya petroli kwa kilo unazonipa. Napiga hesabu ya njia, ndege ikimbie mpaka wapi mbele ya kuruka. Njia inaishia kwenye maji. Ukinidanganya, nitaambiwa na maji."

"Tulia, tuingie biro, tutaongea mule."

"Tutaongea hapa. Lete mizani. Wote wapimwe upya. Na wamama wa mimba."

Watu wakanguruma. "Eh, Kapiteni! Kwetu hatupimi mimba!" Shemasi akanyoosha kidole mbinguni. "Ni laana hiyo! Weye ni mutu wa wapi?"

"Mi ni mutu wa kutaka kufika," Hénoc alijibu.

Hapo ndipo Aristote alipoonyesha kwamba ana akili, na akili yake ni chafu kuliko mtaro wa soko. Alijua Kapiteni hatakubali kuruka bila kupewa kitu. Basi ampe kitu. Ampe mdanganyifu mmoja, ashushwe, kelele ziishe, mawe yapande. Na amchague yule ambaye hamletei hasara.

"Kapiteni ana haki," alisema kwa huzuni. "Kuna muntu mumoja ametudanganya. Na miye nimeshamujua."

Akatembea mbele ya wanawake. Alimpita Émérence. Alimpita Nadine. Aliwapita wale wengine wawili. Akasimama mbele ya Syntiche.

"Huyu. Ana tumbo la mawe."

"Mimi?" Syntiche alimtazama kama haelewi lugha. "Papa, mi ni mugonjwa. Naenda kupasuliwa."

"Wote wanasema vile."

"Papa Aristote!" Nadine aliruka mbele. "Unajua vizuri huyu ni nani! Tulipatana!"

"Sisi tulipatana nini, mama? Sema. Sema mbele ya Kapiteni tulichopatana."

Nadine akafungua kinywa. Akamtazama Syntiche.

"Mwamba," Aristote alisema polepole. "Onyesha Kapiteni."

Mwamba alikuwa na mazoea yake. Kila tumbo alilofunga aliligonga kwa mpini wa rungu. Likilia ko, liko sawa. Alikuwa amegonga matumbo mengi sana. Hakuna hata moja lililowahi kuumia. Mkono wake ulikuwa umesahau kwamba duniani kuna matumbo mengine.

Akagonga. Hakugonga kwa chuki. Aligonga kama mtu anavyobisha hodi.

Tumbo halikulia. Syntiche ndiye aliyelia.

Akaenda chini magoti kwanza, kisha viganja, na saruji iliyo chini yake ikalowa.

"Yaya. Mayi. Mayi inatoka."

"Muone!" Aristote alicheka kidogo. "Amejikojolea. Muongo akikamatwa anajikojolea."

Na watu wakacheka! Andika hilo moyoni mwako. Watu walioomba, waliovaa medali za Bikira Maria, wakacheka. Mwamba peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mpini wa rungu.

Kapiteni Hénoc alimsukuma Aristote pembeni, akapiga magoti, akamwinua Syntiche akamkalisha, mgongo wa msichana kifuani mwake. "Huyu anazaa! Pumua, mama. Pumua na miye."

"Usimulaze," Nadine alilia. "Akilala chini moyo unazama, anakosa pumzi. Mushike vile."

"Hospitali iko wapi?"

"Hospitali walishasema. Hapa wakimupasua haamuki. Walisema Lubumbashi."

Kapiteni akaangalia ndege, akaangalia ziwa, ambalo lilikuwa limeanza kutoa povu. "Basi nitamupeleka. Sasa hivi. Lakini siinui ndege nisiyojua uzito wake, nitamuua yeye na ninyi wote. Kuipakua yote, huyu hana muda. Kila muntu aliyeficha kitu, atoe, aweke chini. Sitaita polisi. Sitauliza majina. Toeni tu, tuende!"

Hakuna aliyejongea.

Shemasi alivuta koti lake. Mfanyabiashara alitazama viatu. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuza shingo wakaangalia ziwani.

Walifanana na nani? Jibu mwenyewe.

*

Aristote alimsogelea Nadine, akamshika kiwiko kwa upole, kama jamaa anayetoa pole.

"Ukisema neno moja, mudogo wako hana kiti. Ukinyamaza, Kapiteni huyu atachoka. Nitamuita mwenzake. Yule hana maneno mengi. Tutaruka wote, na mudogo wako ndani."

"Mutoto anakuja sasa!"

"Mutoto anazaliwa popote."

"Na moyo wake?"

"Mama Nadine." Akashusha sauti zaidi. "Mama yako alikuwa mwanamuke wa akili. Alinyamaza mpaka chini ya maji."

Nadine alimtazama. Alitazama shati lake jeupe, ukosi uliopigwa pasi, mkono wake laini juu ya kiwiko chake. Akautoa ule mkono.

Akatembea mpaka kwenye mizani. Akapanda.

Mshale ukaruka. Ukapita uzito wa mwanamke. Ukapita uzito wa mwanaume aliyeshiba. Ukaendelea, ukatetemeka, ukasimama pale ambapo ungesimama kama Mama Fanny angekuwa amepanda pamoja naye.

"Angalieni!" Nadine alipiga kelele. "Musiangalie ziwani, angalieni hapa! Mi siko mujamuzito. Mi ni gunia. Miye na wale wenzangu pale. Mama yangu alikuwa gunia. Hakuuawa na upepo. Aliuawa na hii!" Akalipiga tumbo lake kwa ngumi. Ko! Ko!

"Funga kinywa, we kichaa!" Émérence alifoka. "Tutakula nini?"

"Shuka kwenye mizani!" mfanyabiashara alidakia. "Samaki yangu inaoza!"

"Unatukosesha ndege!"

"Miye nina maziko ya baba kesho!"

"Shetani!" shemasi akamalizia.

Ndala ikarushwa, ikampata Nadine shavuni. Hakushuka. Kumbuka vizuri: Syntiche alipopigwa, walicheka. Nadine aliposema kweli, ndipo walipokasirika.

"Fungua, mama," Kapiteni alisema kutoka chini. Mikono yake yote ilikuwa imembeba Syntiche. Kila alipojaribu kumwachia, msichana alikatika pumzi. "Fungua ya kwako, na wengine watafuata. Haraka. Huyu anaanza kuwa baridi."

Nadine akapeleka mikono nyuma.

Vidole vikagusa kamba. Vikagusa fundo, gumu, dogo, limekazwa kwa goti la mwanaume. Vikateleza. Akajaribu tena, mabega yakiuma, kucha zikivunjika. Havilishiki. Mtu hawezi kulifungua fundo lile mwenyewe. Lilifungwa ili asiweze. Na pale juu ya mizani, mbele ya jua, mbele ya watu, mikono ikienda nyuma, mikono ikienda nyuma, Nadine akaelewa kila kitu ambacho mama yake alikiona mwisho: jua, ufuko, mitumbwi ya wajomba, na fundo.

Akawageuzia mgongo.

"Siwezi peke yangu," alisema. "Fundo liko nyuma. Muntu mumoja aje. Mumoja tu."

Mwamba alikuwa na kisu kiunoni. Alikigusa. Akamwangalia Aristote.

Aristote alitikisa kichwa, kidogo, kama anayefukuza nzi.

Mwamba akakiacha kisu.

Émérence ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Hatua chache. Mkono wake ulinyanyuka, ule mkono uliokuwa unashika andazi. Ukafika nusu ya njia, ukabaki hewani, haurudi, hauendi.

"Yaya," Syntiche alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Yaya, haraka."

*

Na wewe?

Usiniambie utanunua gazeti uone kama alipona. Hadithi hii siyo sinema, na wewe hukulipia kiti cha kuangalia. Uko kwenye mstari. Umesimama kati ya shemasi na mfanyabiashara, koti lako limevimba, na shingo yako imeshaanza kugeuka upande wa maji.

Irudishe.

Toa ulichoficha, kiweke chini, hata kama ni kidogo. Hakuna kidogo. Mama Fanny alizamishwa na vidogo vya watu wote. Kisha panda kwenye mizani mbele ya macho ya kila mtu, na umwambie mpimaji kwa sauti: pima wote. Pima tumbo langu, pima la mke wangu, pima na la shefu. Akikataa, kaa chini mbele ya gurudumu la ndege na usitoke. Fanya hivyo kwenye safari ya kesho asubuhi.

Lakini hata kesho ni mbali. Nadine amekugeuzia mgongo sasa hivi. Fundo liko usawa wa mkono wako.

Fungua.